Yule Mama Niliyemkataa Asikae Kwenye Kesi Yangu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa shingo inapata moto. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevaa koti la kuazima, nimekaa kwenye kiti kigumu ndani ya mahakama ya wilaya hapa Stockholm, na nilijiona nimeshinda. Mama mmoja mweusi kama mimi, mwenye kitambaa cha kijani shingoni, alikuwa anainuka kwenye meza ya waamuzi kwa sababu yangu. Alikusanya karatasi zake taratibu, akatia kalamu mkobani, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kunitazama. Nikamsindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa. Moyoni nikasema, nenda mama, kawaamulie wengine.

Nakuita mwanangu na najua utacheka, maana mimi na wewe hatujapishana hata miaka kumi. Vumilia. Hapa mtaani kwetu Husby mwanamke akishaburutwa mahakamani akarudi, tayari ni mkubwa, hata kama bado ananyonyesha. Na wewe ndiye uliyenianza. Ulinisimamisha nje ya duka kule Akalla ukaniuliza, “Mama Neema, wale watu wanaokaa na jaji, nitajuaje nani yuko upande wangu?” Huyu mwanangu mdogo alikuwa analia kwenye kigari, sikuweza kukujibu. Nikasema nitakuandikia. Ndiyo hii. Ukiona nimekasirika humu ndani, si kwako.

Neema nilimzaa mimi, nikamlea mimi. Baba yake ni Mkongo wa Uvira. Tulioana kwetu Kigoma, akatangulia huku, nikamfuata. Tulipoachana yeye akahamia mji wa Norrköping, mtoto akabaki na mimi Husby, na hakuna aliyebisha, hata yeye. Nilikuwa nasafisha ofisi Kista, Neema anakwenda chekechea, maisha yanasukumika.

Kisha mama yangu akafariki. Ilikuwa Januari. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kwetu wa kwanza haondoki msibani kama mgeni aliyekuja kula. Nikampeleka Neema kwa baba yake, nikamwambia wiki tatu. Nilipofika Kigoma nikakuta wadogo zangu wamechanganyikiwa na baba haongei. Nikakaa mpaka arobaini. Nilikuwa napiga simu karibu kila siku, naongea na mtoto, naongea na yeye. Anasema, “Hakuna shida, Stella, zika mama.” Maneno yake hayo. Zika mama.

Niliporudi akagoma kumtoa mtoto. Kumbe wakati mimi nazika, yeye anaandikisha kesi. Alisema nimemtelekeza Neema, hajui nilikuwa wapi, mtoto ameshazoea kwake. Jaji akatoa amri ya muda kwamba mtoto abaki huko mpaka kesi isikilizwe. Neema alikuwa na miaka mitano. Nilikuwa namwona siku za mwisho wa wiki, moja ndiyo, moja hapana, kwa treni.

Wakili wangu alikuwa mama wa Kiswidi, Ulla, mwembamba, anaongea kama anayepima dawa. Siku ya kwanza alinipa jambo moja tu la kushika. Akasema, “Kesi yetu iko Juni. Agosti Neema anaanza darasa la watoto wa miaka sita. Akianza kule, ana mwalimu kule, ana rafiki kule, na mahakama za hapa haziwapendi watu wanaomng’oa mtoto alikoshika mizizi. Lazima tusikilizwe Juni. Umenielewa?” Nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Nilisikia.

Maana kichwa changu kilikuwa kwingine. Kazini nilikuwa na mwenzangu, Penina, Mjaluo wa Kisumu, mcheshi, anajua kila filamu ya Kimarekani yenye mahakama ndani. Tukikaa kula yeye ndiye profesa.

“Wewe Stella, usiende pale ukakaa kama kondoo. Marekani wakili anawachagua wale watu mmoja mmoja. Anaangalia viatu, anaangalia kucha. Akikuona una sura ya roho mbaya, toka.”

“Kwani hapa ni Marekani?”

“Binadamu ni yule yule. Chunguza, mama. Usipowachunguza wewe, watakuchunguza wao.”

Basi tukaanza kufanya mazoezi kwenye treni ya chini ya ardhi, kutoka Kista mpaka mjini. Penina ananigusa kiwiko. “Yule mzee mwenye gazeti, angekuhurumia?” Nasema labda. “Zii! Mdomo ameufunga kama pochi. Huyo angekunyang’anya mpaka jina.” Tunacheka. Nikawa naona ninajua watu. Mwenye msalaba shingoni ni wangu. Mwenye mtoto ni wangu. Mwanamume wa umri wa baba Neema, hapana. Mwafrika mwenzangu… hapo nilikuwa nasita. Mwafrika mwenzangu nilikuwa namwogopa kuliko Mswidi, na nitakwambia kwa nini. Mswidi hajui ukoo wako. Mwenzako anajua nani alisema nini harusini kwa nani, na jioni ile ile habari zako ziko kwenye simu mpaka Bukavu.

Nilimwuliza Ulla kuhusu kuchagua. Ndipo akanifafanulia kwamba hapa jaji wa kesi ya mtoto hakai peke yake. Anakaa na watu watatu wa kawaida, wasiosomea sheria, na kura zao zinahesabiwa kama yake. Waswidi wanawaita nämndemän. Kwetu tungesema wazee wa baraza, ijapokuwa hawa wengine ni vijana. Majina yao yanapelekwa na vyama vya siasa, wanaapishwa, wanapangiwa kesi. Mimi na baba Neema hatuwachagui.

“Unaweza kumkataa mtu kwa sababu moja,” akasema, “kama ana uhusiano na kesi. Ndugu, rafiki, adui. Sura si sababu.”

“Lakini Marekani…”

Akaiweka kalamu yake mezani. “Nilikaa mwaka mzima kwa mawakili wa Marekani nilipokuwa kijana. Niliwaona wanavyochagua. Wako watu wanalipwa kwa kazi hiyo tu, kukisia nani atamhurumia nani. Unajua kosa lao kubwa? Wanadhani mama atamhurumia mama. Mara nyingi ni kinyume. Mama anayekusikiliza anajiuliza, je, hili lingeweza kunipata mimi? Swali hilo linamtisha. Njia rahisi ya kulikimbia ni kusema, halingenipata, kwa sababu mimi nisingefanya alivyofanya huyu. Akishasema hivyo umekwisha.”

Nikaitikia kwa kichwa kwa adabu. Ndani nikamdharau. Nikaona huyu hajazaa, atajuaje.

Ikafika siku yenyewe ya Juni. Chumba kidogo, cheupe, hakina hata picha. Baba Neema upande wa pili na wakili wake, amenyoa vizuri, ananukia. Mkalimani pembeni yangu. Jaji akaingia na wale watatu nyuma yake. Wa tatu ndiye yule mama wa kitambaa cha kijani.

Nilimjua. Si kwamba nilimjua kwa mazungumzo, nilimjua kwa sura. Watu walimwita Mama Zawadi, Mkongo, anahudumia wazee kwenye nyumba zao, anakaa Husby mitaa ya juu kidogo ya kwangu. Kikanijia kitu kimoja tu kichwani: miaka miwili nyuma, harusi kwenye ukumbi wa Akalla, Mama Zawadi amekaa mezani na baba Neema amesimama mbele yake, wanagonganisha viganja, wanacheka mpaka mama anajifuta macho kwa leso.

Nikaona yote kwa mpigo mmoja. Mkongo kwa Mkongo. Wamepanga. Kitambaa cha kijani ni ishara. Ndiyo, mwanangu, mpaka kitambaa nilikitia kwenye kesi.

Ulla akaniinamia, kama alivyotakiwa kufanya. “Kuna unayemfahamu pale?”

“Yule mama. Ni mtu wa baba Neema.”

“Mtu wake kivipi? Ndugu?”

Hapa ndipo ningeweza kusema ukweli. Ukweli ulikuwa mfupi: niliwaona wakicheka mara moja. Nikasema, “Ni kama mama yake. Wako karibu sana. Kila mtu Husby anajua.”

Ulla akauliza, “Una uhakika? Tukisema hili, kesi inaweza kusogea. Agosti, Stella.”

“Nina uhakika.”

Akasimama akalisema. Jaji akamgeukia Mama Zawadi. Mama akajibu kwa Kiswidi kilichonyooka, sauti haikupanda. Akasema anawafahamu wote wawili kwa sura, kama anavyofahamu watu mia wa Husby, hana urafiki na yeyote. Baba Neema naye akadakia kwamba hata jina la mama yule halijui. Ndiyo kwanza nikazidi kushuku. Mtu akiharakisha kukana, si ana jambo? Nikamnong’oneza Ulla tusirudi nyuma.

Jaji akatoka na wenzake, wakarudi. Akasema mwamuzi mwenyewe ameomba akae pembeni ili pasiwe na shaka yoyote kwa upande wowote. Ndipo akainuka kama nilivyokuambia mwanzoni, na mimi nikajiona bingwa. Karani akapiga simu kutafuta mwingine wa kujaza nafasi. Wa kwanza yuko kwenye kesi nyingine. Wa pili yuko likizo. Wa tatu hapokei. Mchana ukaingia. Jaji akafungua kitabu chake cha tarehe, akapekua Julai, akapekua Agosti, akapekua tena. Novemba.

Ulla hakunigombeza ukumbini. Alisubiri tufike kwenye ngazi za nje. Akasema polepole, “Ulikuwa na shaka, ukanipa kama uhakika. Mimi nilikuwa nimekuamini.” Akafunga mkoba, akaenda zake. Afadhali angenizaba kofi.

Agosti Neema akaanza shule Norrköping. Baba yake alinitumia picha, begi kubwa kuliko mgongo.

Novemba tukarudi. Safari hii wote watatu wageni kwangu, nikashukuru. Mmoja mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, mwalimu mtupu. Mmoja mzee mkubwa, viganja kama sepetu, amekunja mikono kifuani na anatazama dirisha tangu anakaa. Nikampa alama ya kosa hapo hapo: huyu hanipendi, huyu hapendi wageni. Wa tatu ndiye niliyemtafuta. Mwanamke kijana, umri wangu, na kwenye mkono wa blauzi ana uji wa mtoto uliokauka. Nikasema, huyu ametumwa kwangu na Mungu.

Nikaongea na yeye. Ulla alikuwa ameniambia ongea na meza nzima, mimi nikaongea na uji ule. Nilimgeuzia yule mzee bega kabisa. Kila nikisema jambo, dada yule anaitikia kwa kichwa, na anavuta ile pumzi ya ndani, ile ambayo Waswidi wengine, hasa wa kaskazini, huvuta wakikubali, kama mtu aliyeshtuka kidogo. Nikaona huruma. Nikaona anaumia nami. Nilikuwa nimekaa nchi hii miaka ya kutosha kujua kwamba pumzi ile ni “ninakusikiliza” tu, wanaivuta hata kwa kinyozi. Siku hiyo nilisahau.

Kisha akaomba kuuliza swali. Akauliza kwa upole kabisa, “Mama yako alizikwa siku ya tatu baada ya wewe kufika. Kwa nini hukurudi baada ya mazishi?”

Mwanangu, swali hilo ndilo lililokuwa kesi yenyewe. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Ningeweza kueleza kwamba kwetu mazishi ni mwanzo, si mwisho. Kwamba watu wanalala chini kwenye mikeka, wanakuja na kuondoka, na siku ya arobaini ndiyo ndugu wanakaa, wanagawana majukumu, wanaamua baba mgane ataishi na nani, wadogo watasomeshwa na nani. Kwamba mtoto wa kwanza akiondoka kabla ya hapo, hao wadogo hawana wa kuwasemea. Kwamba sikuwa nimeketi nalia tu, nilikuwa nalea nyumba nzima.

Nilijibu nini? Nikamtazama machoni, mama kwa mama, nikasema, “Ilikuwa ni arobaini. Nilikuwa naomboleza.” Mkalimani akalitafsiri vizuri, sina kesi naye. Dada akaitikia kwa kichwa, akavuta pumzi. Nikaona ameelewa. Sikuongeza neno. Ulla akajaribu kunirudisha kwenye swali, “Eleza, hizo siku arobaini mlifanya nini?” Nikamjibu kwa kifupi kwa sababu niliona ananipotezea muda, wakati mtu wangu ameshakubali.

Hukumu ilikuja kwa posta baada ya wiki tatu. Neema akae kwa baba yake. Mtoto ametulia, ana shule, ana marafiki, na mama alikuwa mbali kwa kipindi kirefu bila sababu iliyoelezwa vya kutosha. Bila sababu iliyoelezwa. Nilisoma mstari huo nimesimama kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, kwenye masanduku ya barua, na jirani mmoja alilazimika kunishika mkono.

Lakini si huo mstari ulionifanya niandike leo. Hukumu za hapa, mwamuzi asiyekubaliana na wenzake jina lake linaandikwa mwishoni, na maneno yake. Ulla ndiye aliyenifungulia ukurasa huo ofisini kwake. Mmoja alikuwa amepinga. Mmoja alitaka Neema arudi kwangu.

Nikasema, “Ni yule dada.”

“Dada amekubaliana na jaji. Na mwalimu pia. Aliyepinga ni yule mzee.”

Mzee wa dirisha. Alikuwa ameandika sentensi chache tu. Kwamba mama amemlea mtoto tangu kuzaliwa. Kwamba baba alikubali kwa simu kisha akamfungia mlango. Na kwamba mtu aliyekwenda kumzika mama yake hajamtelekeza mtoto wake. Nilimwomba Ulla azisome mara ya pili. Nilikuwa nimempa mzee huyo mgongo saa nne nzima.

Unadhani nilijirekebisha? Nilipandwa na hasira, nikamtafuta wa kumtwika. Tukakata rufaa, tukashindwa, hasira ikazidi. Nikawa nasema mitaani kwamba Wakongo wamejipanga, Waswidi wamejipanga, Ulla naye sijui alipewa nini. Mpaka asubuhi moja ya Jumamosi kwenye chumba cha kufulia.

Unajua vyumba vyetu vya kufulia, unaandika jina lako saa nne mpaka saa saba na ole wako uingie zamu ya mwingine. Mashine ya jengo moja la mitaa ya juu ilikuwa imeharibika, wakazi wake wakaruhusiwa kwetu. Nikafungua mlango, nikamkuta Mama Zawadi anakunja mashuka. Nikataka kurudi. Akasema bila kugeuka, “Ingia, mama. Sabuni ya kufua haiamue kesi.”

Nikaingia. Nikatia nguo zangu kwenye mashine. Yeye akaendelea kukunja.

“Ulisema niko kama mama yake,” akasema.

Nikamimina sabuni.

“Mie? Ile kijana, jina yake nilijua siku ile jaji anaisoma. Uliona nini? Sema. Miaka yote nauliza watu, hakuna mwenye ananijibu.”

Nikamwambia. Harusi, Akalla, viganja, leso.

Akaacha shuka. Akanitazama kama daktari anayetafuta kidonda. Kisha akaanza kucheka, si kicheko cha furaha. “Ile siku alikuwa anagawa vinywaji. Akaniletea soda imepata moto. Nikamuambia, kama ni chai, leta na kikombe. Akacheka, nikacheka. Voilà. Njo urafiki wetu wote, binti, ma fille. Soda moja.”

Mashine zinazunguka.

“Miaka miwili nilingoja kupewa ile kiti,” akaendelea. “Kwenye chama walikuwa wananiuliza kama Kiswidi yangu itatosha. Ikatosha. Kesi yangu ya kwanza ya mtoto ilikuwa yako. Nikarudi kanisani, nakuta watu wanasema Mama Zawadi anataka kupindisha kesi ya watu. Nani alianzisha hiyo maneno, sitakuuliza.”

“Nisamehe, mama.”

“Ngoja kwanza. Usiniombe samahani juu ungali unafikiri ningekushindisha. Sijui. Labda ningesema wiki tatu ni wiki tatu, uliahidi, ungepiga simu ukasema mbele ya mtu. Niko mukali, miye. Watoto wangu wanajua.” Akachukua shuka, akanipa ncha mbili nimsaidie kukunja. Tukavuta. “Lakini kule nyuma, kwenye chumba chetu, mbele ya kupiga kura watu wanazungumuza. Mwingine anauliza, siku makumi ine anafanya nini huko? Na mimi niko pale. Ningewaambia. Hilo tu. Ningewaambia matanga iko nini, nani anakaa, nani hawezi kutoka. Kisha waamue. Wewe ulitoa nje mutu moja tu mwenye alijua ile kitu bila kuelezwa, na ukaingia mbele ya wale wenye hawaijui, ukakataa kuwaeleza.”

Aliniachia shuka mikononi. Akaweka nguo zake kwenye kapu, mlangoni akageuka. “Ulikuwa unatafuta nani anakupenda. Pale hatupendi mutu. Pale tunauliza.”

Mwanangu, nimeandika mengi, sasa nakujibu swali lako.

Hutajua nani yuko upande wako. Acha kutafuta. Sikuambii uache kushuku, mimi mwenyewe sijaacha. Ningeacha ningekuwa mjinga mara mbili. Lakini anza kulishuku jicho lako. Ukimwona mtu ukasema huyu ananichukia, jiulize umeona nini hasa, na nini umejazia mwenyewe. Mimi niliona soda nikajazia ukoo mzima. Niliona uji kwenye mkono wa blauzi nikajazia huruma. Niliona mzee anatazama dirisha nikajazia ubaguzi, kumbe alikuwa anasikiliza kwa masikio, kama watu wanavyotakiwa.

Wakili wako akikuuliza kama unamfahamu mwamuzi, mwambie ulichokiona na si zaidi. Kama ni ndugu yake, sema, kwa sauti, usione haya. Sheria iko kwa ajili hiyo. Kama ni mara moja harusini, sema mara moja harusini. Mwache wakili apime. Kila siku unayoichelewesha kesi ya mtoto, mtoto anakua mahali alipo, na jaji anauhesabu ukuaji huo.

Usimtegemee mwenye kufanana na wewe. Mwanamke mwenzako, Mwafrika mwenzako, Mkatoliki mwenzako, anaweza kuwa mwema na anaweza kuwa mgumu kuliko wote, maana wewe unamwonyesha jambo ambalo hataki limpate. Gawa macho yako. Mpe kila mmoja sentensi zake, hata aliyenuna, hata anayepiga miayo. Na usidanganywe na kichwa kinachoitikia. Kwa hawa watu kuitikia kwa kichwa ni adabu.

Zaidi ya yote, wakikuuliza swali ambalo kwako ni la kipumbavu, lile linalokufanya useme moyoni, “hata hili hawalijui?”, basi simama hapo hapo. Hilo ndilo swali. Eleza kama unamweleza mtoto wa chekechea. Nani alikuwepo, nani alilala wapi, ulipika nini, ungeondoka ingekuwaje. Usiwaachie watu wengine wayajaze wanayokisia. Wewe umeshaona tunavyojaza.

Na mimi bado nina hasira, sitakuficha. Neema sasa ni binti, anakuja kwangu likizo, namwongelesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, anampenda mdogo wake. Baba yake simsalimii. Mama Zawadi namsalimia wa kwanza, popote, hata akiwa ng’ambo ya barabara, na amerudi kukaa kwenye kesi za watu. Ukimkuta kwenye meza yako, mwanangu, usimtoe kwa sababu yangu wala kwa sababu ya ukoo. Mjibu anachokuuliza.

Nenda na Mungu akutangulie ndani ya chumba kile. Akuwekee mbele watu wanaouliza kabla ya kuamua, na wewe akupe kinywa cha kueleza mpaka mwisho. Akulinde na jicho linalokimbia mbele ya ukweli. Na mwanao akurudie mapema, kabla hajajifunza kuishi bila wewe.